Alphonse Pénaud na Ndege ya Mpira: Maisha Yake na Funzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Walimu wanafunzi wanapojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha hutumia saa nyingi kukata, kuchora na kupaka rangi zana za kufundishia. Kazi hiyo ni njema na tunaihimiza. Hata hivyo, kabla ya kuitundika zana ukutani yafaa tujiulize: je, zana hii inafanya kazi, au inafanana tu na kitu kinachofanya kazi? Mwanafunzi anaweza kuitazama picha ya ndege mwaka mzima asijue ni kitu gani kinachoizuia isianguke. Lakini mwanafunzi aliyeunda ndege ndogo ya vijiti na karatasi, ikaanguka mara kumi, naye akairekebisha mpaka ikaruka, amekwisha kulielewa jambo ambalo vitabu vingi hulieleza kwa taabu.

Ili kulifafanua wazo hili tumeona vema kusimulia maisha ya Alphonse Pénaud, Mfaransa aliyeishi miaka 30 tu katika karne ya 19. Wanahistoria wa usafiri wa angani humpa nafasi ya heshima, ingawa katika shule zetu hasimuliwi sana. Yeye ndiye aliyeyaunganisha mabawa, mkia na mpira uliosokotwa katika kijiti kimoja, akaonyesha mbele ya watu kwamba chombo kizito kuliko hewa kinaweza kujiendesha na kujisawazisha chenyewe angani. Watu wote waundao modeli za ndege zinazokwenda kwa mpira, zikiwemo modeli za ndege za kivita zinazopendwa na vijana wa nchi nyingi, wanaipita njia aliyoifungua yeye.

Kijana aliyefungiwa njia ya bahari

Pénaud alizaliwa mjini Paris tarehe 31 Mei 1850. Baba yake alikuwa admeri, yaani afisa wa cheo cha juu kabisa katika jeshi la majini la Ufaransa. Katika nyumba kama hiyo ilitazamiwa kwamba kijana naye angekwenda baharini. Lakini ugonjwa wa nyonga ulimpata angali mdogo, ukamfungia njia hiyo. Kijana aliyekuwa amezaliwa kwa ajili ya meli akabaki nchi kavu.

Hapo ndipo akili yake ilipogeukia anga. Wakati huo watu walikwisha kupaa kwa maputo kwa muda wa miaka zaidi ya 80, lakini puto huelea kwa sababu ni jepesi kuliko hewa, nalo huenda upepo unakotaka. Swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa jingine: je, chombo kizito kuliko hewa, kama alivyo ndege mwenyewe, kinaweza kuruka kwa nguvu zake na kushika njia yake? Huko Uingereza, George Cayley alikuwa amekwisha kuunda mwaka 1804 modeli ndogo yenye bawa na mkia iliyoweza kunyiririka hewani. Modeli ile, hata hivyo, haikuwa na nguvu ya kuisukuma mbele. Injini za mvuke za siku zile zilikuwa nzito mno kwa chombo kidogo. Springi za saa na pinde zilitumiwa na baadhi ya wavumbuzi, lakini nazo zilikuwa ama nzito, ama zilimaliza nguvu zake kwa kufumba na kufumbua.

Nguvu iliyomo katika mpira uliosokotwa

Mwaka 1870 Pénaud, akiwa na umri wa miaka 20, alipata jibu lililokuwa rahisi hata likashangaza. Alichukua ukanda wa mpira, akaushika upande mmoja na kuusokota upande wa pili. Mpira uliosokotwa hutaka kujisokotoa, na katika kujisokotoa huko huzungusha chochote kilichofungwa kwenye ncha yake. Kila mtoto aliyewahi kuvuta manati anaijua nguvu hii: mkono huiweka ndani ya mpira pole pole, na mpira huitoa mara unapoachiliwa. Tofauti ni kwamba manati hutoa nguvu yote kwa mkupuo mmoja, bali mpira uliosokotwa huigawa kidogo kidogo kwa muda wa sekunde kadhaa. Kwa chombo kidogo cha kuruka, sekunde kadhaa ni muda mrefu.

Kwanza aliitumia nguvu hiyo katika helikopta ndogo. Wazo la helikopta ya kuchezea halikuwa geni. Wafaransa wawili, Launoy na Bienvenu, walikuwa wameonyesha mwaka 1784 chombo kidogo chenye manyoya yaliyozungushwa kwa nguvu ya upinde. Pénaud aliuondoa upinde akaweka mpira, na juu na chini ya mpira akafunga rafadha mbili zinazozunguka kwa kupingana. Sababu ya kuzipinganisha inafaa ielezwe darasani. Rafadha moja inapozunguka upande wa kulia, mwili wa chombo husukumwa kuzunguka upande wa kushoto. Ukiwa na rafadha mbili zinazopingana, misukumo hiyo miwili hufutana. Helikopta yake ilipaa vizuri kuliko zote zilizotangulia, na vifaa vyake vilikuwa vitu vya bei ndogo vinavyopatikana katika nyumba nyingi.

Tarehe 18 Agosti 1871

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa msiba kwa mji wa Paris. Tangu Septemba 1870 hadi Januari 1871 majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameuzingira mji, na watu wake walipeleka barua nje kwa maputo zaidi ya 60. Baada ya vita hivyo raia waliasi, na serikali ikauzima uasi huo kwa umwagaji mkubwa wa damu. Tarehe 23 Mei 1871 jumba la kifalme la Tuileries lilichomwa moto.

Katika bustani ya jumba hilo, chini ya miezi mitatu baadaye, Pénaud alisimama na kijiti chake chenye mabawa. Ilikuwa tarehe 18 Agosti 1871. Magofu ya jumba lililoungua yalikuwa yangali yamesimama karibu. Mbele yake walikuwapo wajumbe wa chama cha Wafaransa waliojishughulisha na usafiri wa angani. Chombo alichokishika kilikuwa na urefu wa sentimita zipatazo 50, na mabawa yake kutoka ncha hadi ncha yalikuwa na sentimita zipatazo 45. Uzito wake wote ulikuwa gramu 16, na kati ya hizo gramu 5 zilikuwa za mpira. Yaani karibu theluthi moja ya chombo kizima ilikuwa ni nguvu ya kukisukuma.

Rafadha ilikuwa nyuma kabisa, ikisukuma badala ya kuvuta. Alipokiachilia, chombo kilikwenda mbele kwa utulivu, kikazunguka katika bustani kwa muda wa sekunde 11 hivi na kwenda mwendo wa zaidi ya mita 40, kisha kikashuka bila kupinduka. Hapakuwa na mkono wa kukiongoza, wala uzi, wala usukani ulioshikwa na mtu.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa mwalimu asiyeielewa sababu hataweza kuieleza. Vyombo vingi vya kabla yake vilikuwa vikiinua pua na kuanguka kinyumenyume, au vikizamisha pua na kuchoma ardhi. Pénaud aliweka nyuma ya mabawa mkia mdogo uliolala, akauinamisha kidogo ukilinganisha na bawa. Pua inapoinuka, mkia hushuka na kupokea hewa kwa chini zaidi kuliko kwanza. Hewa hiyo huusukuma juu, na pua hurudi mahali pake. Pua inapozama, mambo huwa kinyume chake. Vilevile alizipinda ncha za mabawa kuelekea juu. Chombo kinapoinamia upande mmoja huanza kuteleza kuelekea upande huo, na bawa lililo chini hupokea hewa nyingi zaidi likainuliwa. Hivyo chombo chenyewe hurekebisha kosa lake.

Cayley alikuwa ameligusa jambo hili zamani, lakini Pénaud ndiye aliyelionyesha kwa chombo kinachojiendesha, na mwaka 1872 akalieleza kwa maandishi katika jarida la L'Aéronaute. Hakuwa na kiwanda wala cheo. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Michoro iliyobaki michoro

Katika miaka iliyofuata Pénaud aliunda pia ndege ndogo ya mpira iliyopigapiga mabawa kama ndege hai, nayo iliruka. Baadaye moyo wake ulitamani jambo kubwa zaidi: chombo cha kubeba watu. Akishirikiana na fundi mitambo Paul Gauchot, mwaka 1876 alipata hataza ya ndege kamili iliyochorwa kwa undani. Ilikuwa na nafasi ya watu wawili, rafadha mbili zinazozunguka kwa kupingana, magurudumu ya kukunjwa wakati wa kuruka, umbo la kuiwezesha kutua majini, kifuniko cha kioo cha kumkinga rubani, na mtaimbo mmoja wa kuongozea mkia wa kulala na usukani wa kusimama kwa pamoja. Mtu anayeitazama michoro hiyo leo huona ndani yake mambo ambayo ndege za kweli zilikuja kuwa nayo miongo kadhaa baadaye.

Lakini ndege ile haikuundwa. Injini nyepesi ya kutosha haikuwapo duniani, na fedha za kufanyia majaribio hazikupatikana. Wapo waliomdhihaki. Afya yake iliendelea kudhoofika. Inasimuliwa kwamba alimwendea Henri Giffard, mhandisi tajiri ambaye mwaka 1852 alikuwa amerusha puto lililoendeshwa kwa injini ya mvuke, akamwomba msaada asiupate. Husimuliwa pia kwamba mwishoni aliikusanya michoro yake, akaitia katika kisanduku chenye umbo la jeneza, akakipeleka nyumbani kwa Giffard. Tarehe 22 Oktoba 1880 Pénaud alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Hatupendi kuyapamba mauti haya wala kuyafanya hekaya. Mtu aliyekuwa mgonjwa na aliyekata tamaa alikosa mtu wa kumshika mkono, na dunia ikapoteza kazi ya miaka ambayo huenda angeishi. Walimu tunaoishi na vijana kila siku tunapaswa kulikumbuka hilo kwa uzito wake.

Zawadi ya mwaka 1878

Wakati Pénaud akihangaika kutafuta msaada mjini Paris, kazi yake ilikuwa imekwisha kuvuka bahari bila yeye kujua. Helikopta yake ya mpira iligeuzwa kuwa kichezeo na kuuzwa madukani. Huko Marekani, mwaka 1878, Askofu Milton Wright alirudi nyumbani kutoka safarini akiwa na kichezeo cha aina hiyo, kilichoundwa kwa gamba la koki, mianzi na karatasi, na kuendeshwa kwa ukanda wa mpira. Aliwapa wanawe wawili wadogo, Wilbur mwenye umri wa miaka 11 na Orville mwenye umri wa miaka 7. Orville alikuwa amezaliwa tarehe 19 Agosti 1871, siku moja tu baada ya chombo cha Pénaud kuruka katika bustani ya Tuileries.

Watoto hao walikichezea kichezeo mpaka kikaharibika. Kisha wakafanya lile ambalo kila mwalimu angependa wanafunzi wake walifanye: wakaanza kuunda vya kwao. Viliruka. Wakaunda kikubwa zaidi, nacho kikaruka kwa shida. Wakaunda kikubwa kuliko hicho, kikakataa kabisa. Hawakujua sababu yake wakati ule, lakini swali lilikwisha kuingia vichwani mwao. Sababu ni hesabu inayoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Ukiuzidisha urefu wa kitu mara mbili pande zote, eneo la bawa lake huwa mara nne, bali ujazo wake, na kwa hiyo uzito wake, huwa mara nane. Bawa lililoongezeka mara nne halitoshelezi uzito ulioongezeka mara nane, isipokuwa nguvu na mwendo navyo viongezwe.

Mwalimu mmoja wa Orville alikumbuka baadaye kwamba alimkuta mtoto huyo mezani pake darasani akishughulika na vipande vya mbao. Alipomwuliza anafanya nini, mtoto alimjibu kwamba anaunda mashine ambayo siku moja yeye na ndugu yake wataiendesha angani.

Mwaka 1899 Wilbur Wright aliandika barua kwa taasisi ya Smithsonian mjini Washington kuomba vitabu juu ya kuruka. Katika barua hiyo alieleza kwamba udadisi wake ulianza utotoni kwa kuunda vyombo vidogo vya aina ya Cayley na Pénaud, akiwataja wote wawili kwa majina. Pénaud alikuwa amekwisha kufa miaka zaidi ya 18 iliyopita. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege ya ndugu hao wawili iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na mtu na injini. Ilikaa angani sekunde 12 na kwenda mita zipatazo 36. Mwanafunzi mwenye macho ataona mara moja jinsi tarakimu hizo zinavyokaribiana na zile za kijiti cha mwaka 1871.

Modeli ya kutazamwa na modeli ya kuruka

Katika karne ya 20 njia ya Pénaud iliendelea kwa mikono ya vijana na watu wazima wa Ulaya, Marekani na kwingineko. Kitu kikubwa kilichoongezeka ni mbao za balsa. Mti huu wa Amerika ya Kati na ya Kusini, ambao hutolewa zaidi nchini Ekuado, una mbao nyepesi mno: mita moja ya ujazo ya balsa huwa na kilo zipatazo 160, hali ujazo huo huo wa maji ni kilo 1,000. Waundaji wengi hupenda kuiga ndege za vita za miaka ya 1939 hadi 1945. Mfano maarufu ni Spitfire ya Uingereza, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na yenye mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Kwa skeli ya 1 kwa 24, mabawa ya modeli huwa na sentimita 47 hivi, karibu sawa na chombo cha Pénaud.

Mwundaji hutandika mchoro juu ya ubao laini, akaufunika kwa karatasi isiyoshika gundi. Vijiti vyembamba vya balsa hubanwa kwa pini juu ya mistari ya mchoro na kugundishwa, mpaka mbavu na kiunzi cha mwili vikamilike. Kiunzi huvikwa karatasi nyembamba. Karatasi hiyo hunyunyiziwa maji kidogo, na inapokauka hukaza kama ngozi ya ngoma. Kisha hupakwa vanishi nyepesi ili isilegee tena. Mpira hupitishwa ndani ya mwili kutoka kwenye rafadha ya mbele hadi kwenye kigingi cha nyuma. Hupakwa mafuta ya mbarika ili nyuzi zake zisikwaruzane, kwa sababu mafuta ya taa na ya mitambo huuozesha mpira.

Sasa huja mgogoro ambao ndiyo kiini cha makala hii. Spitfire ya kweli ina pua fupi ukilinganisha na modeli inavyohitaji, na mkia wake wa kulala ni mdogo. Modeli iliyoigwa sawasawa kwa kila kipimo huwa nzito upande wa nyuma, huinua pua na kuanguka. Kila rangi inayoongezwa, kila alama ya jeshi, kila bunduki ya kuigiza huongeza gramu. Kwa hiyo mwundaji hulazimika kuamua. Akitaka modeli ya kuwekwa juu ya kabati, aige kila kitu na kupaka rangi apendavyo. Akitaka iruke, atakuza mkia kidogo, ataongeza mpindo wa mabawa kuelekea juu, ataikuza rafadha, ataweka kipande cha risasi puani mpaka kitovu cha uzito kikae mahali pake, na rangi atapaka kwa ubahili mkubwa. Modeli yake itapungua kufanana na ndege ya vita, lakini itajua jambo moja ambalo ile ya kabatini hailijui.

Kazi hiyo ya kurekebisha ina utaratibu wake. Kwanza modeli husukumwa kwa mkono, bila kusokota mpira, juu ya nyasi ndefu siku isiyo na upepo. Ikizamisha pua, uzito wa mbele hupunguzwa. Ikiinua pua na kusita, huongezwa. Ikisha kunyiririka vizuri, mpira husokotwa mizunguko michache, kisha mingi zaidi, na kila mara jambo moja tu hubadilishwa ili ijulikane ni lipi lililoleta tofauti. Huu ni uchunguzi wa kisayansi katika umbo lake lililo rahisi kabisa.

Maisha haya na somo la darasani

Mwalimu atauliza: balsa tutaipata wapi? Jibu ni kwamba Pénaud hakuihitaji, na kichezeo cha akina Wright kilitumia mianzi na karatasi. Fito za mwanzi zilizochongwa vizuri, karatasi nyembamba, gundi ya unga na mipira ya kufungia karatasi yaweza kutosha kwa kuanzia. Rafadha ya kwanza yaweza kukatwa kutoka pande za chupa ya plastiki. Tena si lazima kuanza na ndege za vita. Kama wanafunzi watazipenda, kama vijana wengi wanavyozipenda, ni wajibu wa mwalimu kuwaeleza pia ndege hizo zilitumiwa kufanya nini na zilimwaga damu ya nani.

Tunapendekeza somo ligawanywe katika vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi wausokote mpira kwa mikono yao, wahesabu mizunguko, na waone kijiti kinazunguka kwa muda gani wanapouachilia. Katika kipindi cha pili waunde bawa na mkia, wavirushe bila mpira, na waandike kila walichobadilisha na matokeo yake. Katika kipindi cha tatu waongeze mpira, wapime mwendo kwa mita na muda kwa sekunde, na kuchora jedwali. Makundi ya wanafunzi watano watano yatafaa, ili kila mmoja ashike kitu mkononi. Mwalimu asikimbilie kurekebisha modeli iliyoanguka. Aulize: mmeona nini kabla haijaanguka? Swali hilo lina faida kuliko marekebisho.

Kipimo cha kazi kisiwe uzuri wa rangi. Tumeona mara nyingi zana zikipewa alama nyingi kwa sababu zimepakwa vizuri, na kifaa cha mtoto kilichochakaa kwa majaribio kikitupwa jalalani. Tukipima hivyo tunawafundisha watoto kuunda vitu vya kabatini. Daftari lenye rekodi ya marusho kumi na mawili yaliyoshindikana, na moja lililofaulu, lina elimu ndani yake, nalo lipewe alama zake.

Mwisho twende kwa mtoto mwenyewe. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mtoto anayechezea vijiti chini ya dawati wakati wa somo ni usumbufu, nasi hatusemi aachwe afanye apendavyo. Lakini kabla ya kumnyang'anya, mwalimu anaweza kumwuliza anaunda nini, na kumwambia akilete kitu hicho baada ya kipindi. Swali hilo halimgharimu mwalimu hata dakika moja. Pénaud aliwapelekea watu wazima wenye uwezo michoro yake kwa miaka mingi, na milango ikafungwa. Kichezeo chake kilipofika mikononi mwa watoto wawili, hakikuhitaji kubisha hodi. Wanafunzi wetu nao watakuja na vijiti vyao, vingine vimepinda na gundi imemwagika, na wengi wao hawatabisha hodi mara ya pili.